Ukungu wa picha si sitara

SIKU chache baada ya hitima ya shangazi yangu, mpwa wangu wa kike alinijia nyumbani hapa Mji wa Kale, Mombasa, ameishika simu yake kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga. Tulipokwisha kuamkiana na kupeana pole kwa mara nyingine, aliniambia jambo ambalo tangu niijue kamera sijapata kuambiwa.

"Mjomba, nina picha ya nyanya. Nataka unisaidie kuitengeneza, lakini huwezi kuitazama."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwanawe shangazi yuko Muscat, Oman, miaka mingi sasa, na mazishi hakuyawahi. Alipopiga simu siku ya hitima hakuomba kitu ila picha ya mama yake, aitundike nyumbani ili wanawe wamjue nyanya yao. Ajabu ni kwamba nyumba nzima haikupatikana picha ya maana. Palikuwa na ile ya kitambulisho, na nyingine ya pasipoti aliyopigwa alipokwenda kuhiji, na katika zote mbili marehemu amekaza uso kama mtu anayesomewa hukumu. Sisi tuliomjua twajua kwamba huyo siye. Shangazi alikuwa mtu wa kicheko, tena kicheko cha kumtoa machozi, lakini akiiona kamera tu hubana midomo na kurekebisha ushungi, na kile kicheko hufa papo hapo.

Basi picha pekee iliyomnasa akicheka ilikuwa ndani ya simu ya huyu mpwa wangu. Aliipiga bila ya mwenyewe kujua, miezi mitatu kabla ya kufa kwake, uani mwa nyumba ya jamaa zetu katika matayarisho ya harusi. Wanawake walikuwa wakichagua mchele wa pilau. Shangazi ameketi juu ya jamvi, uteo u mapajani, kichwa kimekwenda nyuma kidogo, anacheka. Yeye amejitanda leso vizuri, maana hata mbele ya wanawake wenzake hakuwa na mazoea ya kuacha kichwa wazi. Wenziwe hawakuwa hivyo. Uani hapakuwa na mwanamume, joto la kaskazi msomaji walijua, na kazi ni kazi. Nyuma yake, kwa maelezo ya binti huyu, walikuwapo watatu: mmoja anachana nywele karibu na dirisha, wa pili ameinama juu ya sufuria na leso kaifunga kifuani, na wa tatu amesimama pembeni kabisa, mkono wake umekaa begani mwa shangazi.

Wanawake hao si maharimu zangu. Si maharimu za binamu yangu wa Muscat, wala za kijana wa dukani atakayeichapisha picha. Walikaa vile kwa kuwa waliamini kwamba uani ni uani. Na katika harusi nyingi za wanawake siku hizi simu hukatazwa mlangoni, jambo ambalo mpwa wangu alilijua vyema, kwa hivyo alikuja akiwa na haya mbili: ya kuwa ameipiga, na ya kuwa hakuweza kuifuta.

Alinijia mimi kwa sababu nilipokuwa kijana, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilifanya kazi katika studio moja ya picha mjini humu. Kazi yangu haikuwa kupiga bali kuosha picha, katika chumba cha giza chenye taa nyekundu na harufu ya dawa isiyotoka nguoni. Enzi hizo tatizo la mandhari ya nyuma halikutusumbua sana. Mteja aliketi mbele ya pazia lililochorwa, likawa ndilo nyuma yake: bustani, ngazi za jumba la kifahari, au ndege. Wapiga picha wa pale kivuko cha Likoni nao walikuwa na mapazia yao ya rangi katika vibanda vyao, na huko Lamu marehemu Omar Said Bakor alikuwa akikata picha kwa mkasi na kuzibandika upya pamoja, mtu akatolewa alipokuwa na kutiwa mahali asipopata kukanyaga. Kila mtu alijua kwamba lile pazia ni pazia. Hakuna aliyedanganywa.

Picha ya mtu asiyejua kwamba anapigwa ni jambo jingine. Hiyo huja na kila kilichokuwapo: ndoo, kamba ya nguo, paka, na watu. Uzuri wa uso wake hutokana na kutojua kwake, na kasoro zake zatoka hapo hapo. Ndiyo maana watu hutaka kuitengeneza baadaye, ama kwa kufifisha yaliyo nyuma, ama kwa kukata pembeni.

Nikamweleza binti kwamba ule ukungu mzuri auonao nyuma ya nyuso katika picha za magazeti ulianza na lenzi, kabla ya simu kuzaliwa. Lenzi huona kwa usafi masafa fulani tu; kilicho mbele ya hapo au nyuma yake hulainika. Kadiri tundu la lenzi linavyofunguliwa, na kadiri mpigaji anavyomsogelea mtu, ndivyo masafa hayo yanavyozidi kuwa membamba. Chukua kamera ya filamu ya kawaida ya milimita 35, uifunge lenzi ya milimita 85, ufungue tundu hadi f/1.8 na usimame mita 2 kutoka kwa mtu: kitakachokuwa safi ni kama sentimita 6 tu. Macho yatakuwa makali, masikio yameanza kulainika, na ukuta wa nyuma umekuwa maziwa. Wajapani wana neno lao la ukungu huo, boke, na wapiga picha wa Magharibi walilichukua mwaka 1997 na kuliandika bokeh.

Simu haiwezi hivyo. Jicho lake ni dogo mno, na jicho dogo huona karibu kila kitu kwa usafi, wa mbele na wa nyuma. Kwa hivyo simu huigiza. Ilipotoka iPhone 7 Plus mwaka 2016 ilikuwa na lenzi mbili nyuma, na kwa kulinganisha zilichoona lenzi hizo iliweza kukisia nini kiko karibu na nini kiko mbali, kisha ikakipaka ukungu kilicho mbali. Mwaka uliofuata simu ya Pixel 2 ikafanya kazi hiyo hiyo kwa lenzi moja tu ya nyuma. Siku hizi programu yaweza kuifanyia hata picha ya zamani ambayo haikupigwa kwa namna hiyo. Lakini kukisia ni kukisia. Tazama kwa makini utaona imekosea palepale: kwenye unywele uliochomoza, kwenye ukingo wa miwani, kwenye buibui jeusi lililo mbele ya mlango mweusi, kwenye nafasi iliyo baina ya mkono na kiuno.

Mpwa wangu akasema basi ataufanya huo ukungu, tena mzito, ili nami niweze kuitazama. Akaenda zake. Kesho yake akarudi amefurahi.

"Sasa waweza kuona, mjomba. Hawaonekani kabisa."

Nikatazama. Sikutazama zaidi ya kupepesa jicho, na katika kupepesa huko nikamtambua yule wa sufuria. Sikuona uso. Niliona kimo, namna alivyoinama akiegemea mguu mmoja, na rangi ya ile leso ambayo nimeiona ikianikwa barazani kwao mara nyingi. Nikainamisha macho, nikamrudishia simu, nikamtajia jina. Binti wa watu akakaa kimya, mkono mdomoni.

Nami sikuwa na ujuzi wowote wa ajabu. Ukungu huondoa vitu vidogo: kope, mikunjo, maandishi ya leso. Hauondoi kimo, wala rangi, wala mkao. Mgeni asiyemjua mtu hataona kitu, lakini anayemjua hujaziza mwenyewe yaliyopungua, na picha ya jamaa hutazamwa na nani kama si jamaa na majirani? Isitoshe, mashine nazo zimejifunza kazi hii. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin na wa Cornell Tech, New York, walionyesha kwamba kompyuta iliyofunzwa yaweza kuzitambua nyuso zilizofichwa kwa ukungu au kwa vigae vya rangi, mara nyingi kuliko vile ambavyo jicho la binadamu lingeweza. Ukungu ni pambo. Wautumia kumwondolea mtazamaji kero ya ndoo na kamba ya nguo. Kumsitiri mtu hauwezi, na mimi naona ni hatari zaidi kuliko kutofanya kitu, kwani humfanya mwenye simu aamini kwamba amekwisha kusitiri, na hapo huisambaza picha bila wasiwasi.

Palikuwa na kasoro nyingine pia. Ule mkono uliokuwa begani mwa shangazi, simu haikujua iuweke upande gani. Kwa kuwa mwenyewe yuko nyuma, kiganja kimefifia. Kwa kuwa vidole viko begani, vimebaki vikavu. Ukawa kama vidole vitatu vilivyoangushwa pale na mtu aliyesahau kuja kuvichukua. Mpwa wangu hakuwa ameliona hilo. Alipoliona alicheka, kisha akajizuia.

Nikamwambia, ukungu tuuache, twende kwenye kukata. Katika chumba cha giza tulikuwa na fremu yenye vyuma vya kusogeza chini ya mashine ya kukuzia picha. Unavisogeza mpaka kibaki unachokitaka, na kilicho nje hakiifikii karatasi. Hakipo. Na kabla ya kufika hapo, fundi aliyenifunza alikuwa na vipande viwili vya kadi vilivyokatwa kwa umbo la herufi L, akiviweka juu ya picha ya majaribio na kuvisogeza mkono huu na huu, akitafuta dirisha. Nikamwomba binti alete boksi la majani ya chai, tukakata L mbili pana. Akakaa upande wake wa meza akaziweka juu ya kioo cha simu, akavisitiri vyote isipokuwa shangazi, ndipo akanigeuzia.

Nikamwona. Alikuwa hai kuliko nilivyotarajia, na kwa muda sikuwa na la kusema kuhusu picha.

Tulipoanza kazi nilimpa yale machache niliyopewa mimi. Usimkate mtu kwenye kiungo, kifundoni wala kwenye kiwiko, kwani huonekana kama amekatwa kweli. Kata katikati ya kiungo na kiungo. Ikibidi kupunguza uso, punguza utosini, usiguse kidevu. Acha nafasi upande ambao macho yanatazama. Shangazi alikuwa akitazama kulia, na kulia ndiko uliko ule mkono. Mimi nikasema uondoke. Dirisha lingekuwa safi, uso peke yake, leso na kicheko. Mpwa wangu akakataa.

"Huo si mkono wa mtu tu, mjomba. Ni wa Mama Mkubwa wa nyumba ya pili. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza nyanya kitandani siku zile za mwisho."

Hapo nikakumbuka kisa cha Vanessa Nakate, binti wa Uganda anayepigania hali ya hewa. Mwezi wa Januari 2020 alipigwa picha huko Davos, Uswisi, amesimama pamoja na vijana wenziwe wanne wa Ulaya, mmoja wao Greta Thunberg, na milima ya theluji ikiwa nyuma yao. Shirika la habari la Associated Press lilipoitoa picha lilikuwa limemkata yeye, Mwafrika pekee, wakabaki Wazungu wanne. Maelezo yalikuwa kwamba mpiga picha, akiwa na haraka, aliona jengo lililokuwa nyuma ya Nakate laharibu sura ya picha. Jengo! Sheria za shirika hilo hilo zamkataza mpiga picha kufifisha mandhari ya nyuma kwa kompyuta, kwani ni kubadilisha yaliyokuwapo, ila kukata zaruhusu. Nakate mwenyewe aliuliza kwa nini wamemwondoa, dunia ikapiga kelele, na wakuu wa shirika wakaomba msamaha. Nadhani yule mpiga picha hakuongopa. Alitazama jengo, asimtazame mtu aliyesimama mbele yake, na hilo mimi nililifanya mara nyingi chumbani mwa giza nikiwa na umri wa miaka ishirini. Hata ile picha mashuhuri ya Che Guevara, aliyoipiga Alberto Korda mjini Havana tarehe 5 Machi 1960, mwanzo ilikuwa na mtu mwingine ubavuni na majani ya mnazi upande wa pili. Vyote vilikatwa, na dunia nzima yaujua uso mmoja.

Kwa hivyo mkono ukabaki, lakini si kabla ya mwenyewe kuulizwa. Mpwa wangu alikwenda na zile kadi zake, akamwonyesha mama yule hasa kitakachoonekana: vidole na nusu ya kiganja, dirisha limekomea kabla ya kifundo. Mama akatazama kwa muda mrefu. Akauliza tu kama hina inaonekana imekolea, maana aliipaka usiku wake na hakuiridhia. Akaambiwa imekolea. Akasema basi, mpelekeeni.

Ikabaki hesabu, ambayo wengi huisahau. Picha ya simu ile ilikuwa na nukta 4000 kwa 3000. Dirisha letu likabakisha nukta kama 1400 kwa 1750. Ili picha iwe safi mkononi huhitaji kama nukta 300 kwa kila inchi, kwa hivyo tulikuwa na picha ya sentimita 12 kwa 15, haizidi hapo sana. Binamu alikuwa ameomba ya ukutani, ukubwa wa karatasi ya A3. Kwa ukubwa huo nukta zingekuwa kama 120 tu kwa inchi, na kicheko kingeonekana kama kimefumwa kwa uzi mnene. Akapelekewa habari kwamba itakuwa ya mezani. Alikubali, kwa shingo upande.

Jambo la mwisho lilinitia hofu kuliko yote. Katika simu nyingi, picha iliyokatwa haikukatwa, imefunikwa tu. Aliyeishika simu hubonyeza pa kurudisha asili, na ua zima likarudi na watu wake. Na mwezi wa Machi 2023 watafiti wawili, Simon Aarons na David Buchanan, walifichua kwamba chombo cha kukatia picha katika simu za Pixel kilikuwa na kosa la miaka kadhaa: mabaki ya picha nzima yalibaki ndani ya faili iliyokatwa, na sehemu kubwa yaweza kufufuliwa na mtu wa mbali aliyetumiwa faili hiyo. Kosa hilo lilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kutumwa haziwezi kurudishwa. Fundi wangu wa zamani, aliyekuwa akichoma vipande vya karatasi kila Ijumaa, angecheka sana. Sisi tulitoa nakala mpya kabisa, tukaihamishia simu nyingine, tukaijaribu kuirudisha asili. Ilipokataa ndipo tukaipeleka dukani.

Sheria nayo ipo. Tangu ipitishwe Sheria ya Kulinda Data ya 2019, sura ya mtu hapa Kenya huhesabiwa kuwa habari zake binafsi, na mwezi wa Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa Sh1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ya idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto. Lakini mambo ya uani hayakungoja sheria. Mpwa wangu aliwaendea wale wawili waliosalia, akawaambia kweli. Yule wa dirishani alimsamehe, akasema picha na ikae simuni mwake. Yule wa sufuria hakukataa kumsamehe, ila alitaka ifutwe, na aone kwa macho yake ikifutwa.

Ikafutwa mbele yake. Kisha ikafutwa mara ya pili kutoka katika lile pipa ambamo simu huhifadhi zilizofutwa kwa siku 30, kwani binti sasa amekuwa mjuzi. Jamvi, mchele uliomwagika, dirisha na mwanamke anayechana nywele, vyote vimekwenda. Mimi sikupata kuviona, na yeye hataviona tena. Aliniambia alilia njiani akirudi.

Picha ilifika Muscat kwa mkono wa msafiri, imetiwa baina ya kadi mbili zile zile za boksi la chai. Binamu yangu alipiga simu usiku wa siku hiyo hiyo. Alishukuru, akanyamaza, akavuta pumzi, kisha akauliza ule mkono begani ni wa nani. Nikampa simu mpwa wangu amweleze.